Vijitunguu vya Chupani

Mwezi wa sita huko Ufipa maji ya mtungini huwa baridi mpaka meno yanauma. Hata hivyo Bertilla hakuwa mtu wa kungoja jua lichomoze vizuri. Aliamka, akanawa uso, akala kiporo cha ugali wa ulezi karibu na moto, akafunga kuni za jiko la shule, kisha akaondoka mbio ili awe wa kwanza kufika kwenye namba, mstari wa asubuhi wa shule. Kuwa wa kwanza ilikuwa desturi yake. Tangu darasa la kwanza hadi la tano hakuna aliyempita katika mtihani, na Mwalimu Felisiani, aliyefundisha sayansi, alikuwa na mazoea ya kuuliza swali huku akimtazama yeye.

Kijiji chao kilikuwa kimojawapo cha vijiji vya ujamaa upande wa Pito, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Mapema mwaka ule wa 1979 alihamia pale Bwana Halfani, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini, ambaye kijiji kilikuwa kimemwomba aendeshe duka la ushirika. Alikuja na mkewe na binti yake Kulsumu, naye Kulsumu akaingizwa darasa la sita, dawati moja nyuma ya Bertilla.

Kulsumu alikuwa na sweta jekundu lisilotoboka na mwandiko uliosimama wima kama uliopigwa chapa. Alikuwa na tabia ya kuimba chini chini anapofanya hesabu, na alipomaliza aliweka kalamu juu ya dawati kwa sauti ili watu wajue. Mwezi wa nne alimpita Bertilla kwa alama mbili katika jaribio la sayansi. Mwalimu Felisiani alilionyesha daftari lake darasa zima, ukurasa kwa ukurasa.

Kuanzia siku hiyo Bertilla alianza kuhesabu. Alihesabu mara ngapi Mwalimu ametaja jina la Kulsumu, na mara ngapi ametaja lake. Jumatatu tano kwa tatu. Jumanne sita kwa mbili. Jioni alikuwa akitwanga na mama yake, Mama Kristiana, na mama alipomuuliza mbona siku hizi hasimulii habari za shule, alijibu kwamba hakuna jipya.

Mwishoni mwa mwezi wa tano alikuja shuleni Ndugu Cornelia, mtafiti wa kituo cha kilimo. Watoto walimwita Bibi Shamba, naye hakukataa. Alishuka kwenye Landrova ya serikali amebeba kasha lililofunikwa blanketi, na ndani ya kasha mlikuwa na chupa ndogo za kioo zilizozibwa midomo. Kila chupa ilikuwa na kitu cheupe kizito mfano wa uji uliopoa, na juu yake vimeota vitunguu saumu vidogo kuliko punje ya hindi.

Aliwaeleza kwamba vijitunguu hivyo havikupandwa udongoni. Vilikuzwa katika maabara, kutokana na kipande kidogo mno kilichokatwa kwenye kiini cha chipukizi, mahali ambapo ugonjwa wa majani ya njano haujafika. Ndiyo maana vilikuwa safi. Kitunguu saumu cha Ufipa kilikuwa kikidhoofika mwaka hadi mwaka kwa ugonjwa huo, na mbegu safi ndiyo iliyokuwa dawa yake.

"Lakini tuna shida moja," alisema. "Vikitolewa chupani, vinalala. Unavipanda, unamwagilia, na havioti. Havijafa. Vimelala."

Mtoto mmoja aliuliza vinalalaje na havina macho. Darasa likacheka, naye Bibi Shamba akacheka pia, kisha akajibu kwa makini. Alisema ndani ya kila mmea kuna homoni, ambazo ni kama wajumbe wanaotumwa kutoka sehemu moja ya mmea kwenda nyingine. Yuko mjumbe anayeviambia vijitunguu vilale, na yuko mwingine anayeviambia viamke. Mjumbe wa usingizi akizidi nguvu, hakuna kinachoota. Vikikaa kwenye baridi wiki kadhaa, mjumbe wa usingizi hupungua kidogo kidogo na yule wa kuamsha huongezeka. Kisha vikipandwa, huota kwa pamoja.

Kituoni walikuwa wakivitia baridi kwa jokofu la mafuta ya taa. Lakini vita ya Kagera ilikuwa ndiyo kwanza inakwisha, na mafuta ya taa yalikuwa yameadimika nchi nzima. Kwa hiyo Bibi Shamba alitaka kujua kama baridi ya Ufipa yenyewe ingeweza kufanya kazi ya jokofu. Ikiweza, kijiji kingepewa vijitunguu elfu tatu vya kuanzia kitalu, na akina mama wa kijiji, Mama Kristiana akiwa mmoja wao, walikwisha kulima matuta bondeni.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Vijitunguu sitini vingetiwa katika mfuko wa kitambaa cha amerikani na kuwekwa ndani ya sanduku lililoandikwa B, yaani Baridi, katika kibanda cha mawe kando ya chemchemi, ambako ukungu hukaa hadi saa mbili asubuhi. Sanduku hilo lingezungushiwa magunia, na magunia yangeloweshwa asubuhi na jioni ili upepo uyapoze. Vijitunguu sitini vingine, katika mfuko kama ule ule, vingewekwa katika sanduku J, yaani Joto, darini juu ya jiko la shule. Baada ya wiki nane vyote vingepandwa na kuhesabiwa.

Bertilla alikwisha kunyoosha mgongo. Aliijua ile chemchemi tangu mtoto, na hakuna aliyemzidi kwa kubeba maji. Mwalimu Felisiani akatangaza kwamba sanduku B litatunzwa na Kulsumu, kwa sababu mwandiko wake unasomeka na kipimajoto cha kule kinahitaji kuandikwa mara mbili kwa siku. Bertilla angetunza sanduku J.

"Masanduku yote mawili yana uzito sawa," Bibi Shamba alisema, labda kwa kuwa aliona uso wa Bertilla. "Bila J, hatuwezi kujua kama B imefanya kitu. Haya si mashindano."

Darasa likapiga makofi kama vile yalikuwa mashindano.

Wiki tano zilipita. Kazi ya Bertilla ilikuwa kupanda ngazi, kusoma kipimajoto, kuandika nyuzi ishirini na nne au ishirini na sita, na kushuka. Moshi ulimtoa machozi. Huku chini alimwona Kulsumu akirudi kutoka bondeni na ndoo tupu, sweta limelowa mikononi, akiimba chini chini. Mwalimu alikuwa akimsubiri mlangoni kuuliza, "Leo ngapi?" naye hujibu saba, au nane, na Mwalimu hutikisa kichwa kwa furaha. Hakuna aliyemuuliza Bertilla leo ngapi. Akaanza kuota mchana kwamba magunia yameoza, au panya ameingia kibandani. Alijua si ndoto nzuri, lakini hakuacha kuziota.

Mapema mwezi wa saba Kulsumu akashikwa na homa. Bwana Halfani alikuja shuleni kutoa taarifa, na Mwalimu Felisiani akamwita Bertilla ofisini. Alimkabidhi ufunguo wa kibanda na daftari la Kulsumu.

"Siku tatu tu, hadi mwenzio apone. Nakuamini kuliko mtu yeyote hapa," alimwambia.

Siku nyingine yoyote maneno hayo yangemshibisha mwezi mzima. Siku hiyo yalimjia yamechelewa. Siku ya kwanza alilowesha magunia na kuandika kipimajoto. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu, tarehe sita, alifungua sanduku B, akautoa mfuko wa vijitunguu, akauficha chini ya kanga ya mama yake aliyokuwa amejitanda, akapanda ngazi ya jiko na kubadilisha. Mfuko wa kibandani ukawekwa sanduku la joto, na mfuko wa darini ukapelekwa kwenye baridi. Mifuko ilifanana. Kazi nzima haikuzidi robo saa. Alikuwa akifikiri jambo moja tu: vitakapoota, viote kwake.

Usiku alilala vizuri, na jambo hilo lilimshangaza asubuhi yake.

Mwisho wa mwezi wa saba vijitunguu vyote vilipandwa katika visanduku vya mchanga, vikawekwa mbele ya darasa dirishani. Siku ya sita mchanga wa kisanduku J ulipasuka. Siku ya kumi Bibi Shamba alikuja, akahesabu kwa ncha ya penseli, akahesabu tena. Kisanduku J: hamsini na moja kati ya sitini. Kisanduku B: saba.

Darasa lilimpigia Bertilla makofi. Mwalimu Felisiani alimshika bega. Bertilla alitabasamu, na wakati huo huo akageuka kumtazama Kulsumu, maana alikuwa amengoja sana kuuona uso wake. Kulsumu alikuwa ameinamia daftari lake la kipimajoto, akifunua kurasa moja moja kutafuta alipokosea.

Wakati wa mapumziko, wenzao waliamua kwamba Kulsumu alikuwa mvivu. Walisema alikuwa akikaa kibandani bila kulowesha magunia, kisha akiandika namba za kubuni. Flavian, kiranja wa darasa, alimwambia waziwazi kwamba watoto wa dukani hawajui kazi. Baada ya masomo Kulsumu alimfuata Bertilla njiani, na Bertilla akajiandaa kugombana.

"Bertilla, nifundishe," Kulsumu alisema. "Ulifanyaje? Mimi nililowesha kila siku. Nadhani kuna kitu sikukielewa."

Alikuwa ameshika mpini wa ndoo. Bertilla aliiona mikono yake kwa mara ya kwanza. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa maji baridi, na kwenye kiungo cha kidole gumba palikuwa na kidonda kilichofungwa kitambaa. Akamwambia kwamba hata yeye hajui, ilitokea tu, kisha akaongeza mwendo.

Kama mambo yangeishia hapo, huenda angenyamaza. Lakini kesho yake kulikuwa na mkutano wa kijiji uwanjani pa shule, na wanafunzi wa darasa la sita walikaa mbele. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Theodory, alimwomba Bibi Shamba aeleze matokeo. Alieleza kwa kusitasita. Alisema matokeo haya yamemshangaza, hayafanani na ya maabara, na kama angekuwa na muda angerudia jaribio. Lakini jokofu la kituo limezimika kwa kukosa mafuta, na vijitunguu elfu tatu lazima vipate mahali pa kukaa wiki hii.

Ndugu Theodory alisema jambo liko wazi. Baridi haina faida. Vijitunguu viwekwe darini juu ya meko ya wanakijiji, kama mbegu ya mahindi, na kibanda cha bondeni kisisumbue mtu. Watu wakakubali kwa sauti moja, maana hakuna aliyependa kubeba maji asubuhi zile. Akina mama waliolima matuta walianza kugawana vijitunguu hivyo kwa maneno, nyumba hii mia, nyumba ile mia. Bertilla alimsikia mama yake akiomba apewe mia mbili, kwa kuwa dari yake ni kavu. Mama Kristiana alikuwa amelima matuta yale tangu mwezi wa nne, akitoka shambani kwake na kwenda bondeni kabla hata ya kula.

Hapo ndipo Bertilla alipoelewa kitu ambacho kwa wiki zote hizo hakukifikiria. Vijitunguu elfu tatu vingekaa juu ya meko mwezi mzima, vingepandwa, vingemwagiliwa, na visingeota. Mama yake angesimama kwenye matuta matupu asijue kwa nini. Na chanzo cha yote kingekuwa mfuko mmoja uliopita chini ya kanga yake mwenyewe.

Mkutano ulipovunjika alimkuta Bibi Shamba nyuma ya Landrova, akifungua kamba za makasha. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa. Bibi Shamba aliendelea na kamba, akamwachia nafasi.

"Nilibadilisha mifuko," Bertilla alisema hatimaye. "Tarehe sita, Kulsumu alipokuwa mgonjwa. Vilivyoota si vya joto. Ni vile vilivyokaa kwenye baridi wiki tano."

Bibi Shamba aliacha kamba. Alimuuliza ana uhakika gani na tarehe. Akamuuliza mifuko ilibadilishwa saa ngapi, na kama alivigusa vijitunguu vyenyewe. Bertilla alijibu yote. Alitarajia kupigiwa kelele. Badala yake mwanamke yule alikaa kwenye ngazi ya gari akashika kichwa, na kwa Bertilla hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilimwonea wivu."

Bibi Shamba akasema kwamba kuna watu wawili wanaopaswa kuambiwa kabla jua halijatua: Mwenyekiti, ambaye ataambiwa na yeye Bibi Shamba, na Kulsumu, ambaye ataambiwa na Bertilla.

Kulsumu alikuwa nyuma ya duka la ushirika akisaidia kukunja magunia. Bertilla alisema maneno yake akiwa amesimama, bila kujitetea. Kulsumu alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Waliniita mwongo, na wewe ulikuwepo," akachukua gunia lingine na kuendelea kukunja.

Nyumbani hali haikuwa nyepesi zaidi. Mama Kristiana hakumpiga. Alisema tu kwamba kesho watakwenda pamoja kwa Bwana Halfani na mkewe kuomba radhi, na walikwenda. Shuleni, Mwalimu Felisiani alisimama mbele ya namba, akalisafisha jina la Kulsumu mbele ya wote, akawataka Flavian na wenzake wamwombe radhi hapo hapo. Kisha akamwondoa Bertilla katika utunzaji wa masanduku. Hakutaja kosa lake kwa maneno makali, ila alisema ufunguo hatapewa tena mwaka huo.

Vijitunguu elfu tatu vikapelekwa kwenye kibanda cha mawe. Baridi ilikuwa imebaki wiki chache tu, kwa hiyo hapakuwa na siku ya kupoteza. Sitini vilitengwa darini, ili jaribio lirudiwe kwa haki. Kulsumu alishika daftari na ufunguo. Kazi ya maji ilikuwa kubwa mara kumi kuliko ya kwanza, na Bertilla aliiomba mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya namba alikwenda na kurudi na ndoo kati ya chemchemi na kibanda, akiyalowesha magunia huku ukungu ukimlowesha yeye. Kulsumu alikuwa akisoma kipimajoto, akiandika, na kuondoka bila kumsemesha. Siku kumi na nne zilikwenda hivyo. Vidole vya Bertilla vilipasuka. Siku ya kumi na tano Kulsumu aliweka kikopo cha mafuta ya nazi juu ya jiwe la mlangoni, akasema, "Paka kabla hujagusa maji, si baada ya kugusa," akaenda zake.

Katikati ya mwezi wa tisa akina mama walipanda matuta yote bondeni. Mwisho wa mwezi mistari ya kijani ilionekana tangu njiani, na walipohesabu, katika kila vijitunguu kumi vilivyotiwa baridi vilikuwa vimeota vinane au tisa. Kati ya vile sitini vya darini viliota vinne tu. Ndugu Theodory alizunguka matuta mara mbili akiwa ameshika mikono nyuma.

Bibi Shamba aliwakusanya darasa la sita pembeni ya shamba. Bertilla alikaa nyuma kabisa, lakini macho ya Bibi Shamba yalimfikia.

"Nataka mjue kilichotokea hapa," alianza. "Mimi nilikuwa tayari kuandika uongo na kutia sahihi, wala nisijue. Kijiji kizima kingeufuata. Mtu akidanganya katika jaribio, hamdanganyi mwalimu wake wala mshindani wake. Anamdanganya mama aliyeshika jembe. Mmea wenyewe haujali nani alipigiwa makofi. Homoni zake zinafuata baridi au joto, basi. Kazi yetu ni kuandika kile kilichotokea, hata kikimpa sifa mtu tusiyempenda."

Akavunja bonge la udongo kwa vidole.

"Na wivu nao niuseme, kwa sababu hakuna kati yenu ambaye hautamfikia. Mimi mwenyewe chuoni niliuonja. Kuusikia moyoni si kosa. Ukiusikia, mwambie mtu mapema: mama, mwalimu, hata huyo huyo unayemwonea. Bertilla aliuficha, ukamtuma afanye jambo ambalo asingelifanya. Lakini alisema ukweli siku ambayo kunyamaza kungempa sifa, na alisema kabla madhara hayajatokea. Ndiyo sababu leo mama yake ana kitu cha kupalilia. Alikosa, akasema, akabeba maji. Fanyeni hivyo mkikosa."

Watoto walirudi shuleni kwa makundi. Kulsumu alikuwa amebaki kwenye tuta la mwisho akiandika hesabu, na aliposimama alimnyooshea Bertilla daftari. Alisema amehesabu mstari ule mara mbili na amepata namba mbili tofauti, kwa hiyo anahitaji mtu mwingine auhesabu.

Bertilla alipiga magoti kwenye udongo uliolowa, akaanza kutoka mwanzo wa mstari.